Mama Mukonyo

Mbeke alipowaambia majirani wa Noonkopir, Kitengela, kwamba anakwenda kukaa Kajiado mwezi mmoja, peke yake, walimtazama kama mtu aliyesema anahamia juu ya mti. Mjane wa miaka arobaini na saba haendi mahali kukaa tu. Huenda kwa dada yake, au hospitali, au kwenye mkesha wa maombi. Wengine walitaka kujua mwanamume mwenyewe ni nani, na kwa nini hakuweza kupatikana papa hapa Kitengela. Mwaka huo wa 2005 mji ulikuwa umefurika wanaume wa kila namna, wenye ploti zao na wenye kuuza ploti za wenzao.

Mwanamume hakuwepo. Kulikuwa na jibu ambalo Mbeke alidaiwa, na Noonkopir hapakuwa mahali pa kulitafutia. Alikuwa fundi wa nguo, na duka la fundi wa nguo halina mlango. Kila anayepita huingia, huketi, hugusa kitambaa ambacho hatanunua, kisha hukwambia la kufanya na maisha yako.

Aliyekuwa akidai jibu ni shemeji yake Maundu, kaka mkubwa wa mumewe, marehemu Musila. Alifika kutoka kwao Mwala, Ukambani, akiwa na wazee wawili, akanywa chai vikombe vitatu bila kusema lolote la maana, na kikombe cha nne kilipokataliwa ndipo akaanza. Musila amelala mwaka mzima sasa. Hakuacha mtoto. Jina lake litakwenda wapi? Kwa Wakamba njia ipo, na ni ya zamani: mwanamke asiye na mtoto huoa mwanamke mwenzake. Anayeolewa huitwa iweto, na watoto wake huhesabiwa kuwa wa mume wa yule aliyemwoa, hata kama mume huyo yuko chini ya udongo.

"Na hatuendi kutafuta mbali," Maundu alisema. "Huyu Kasyoki tunamjua. Ako na adabu, ako na mtoto tayari, na bado ako na nguvu ya kuzaa wengine. Tumemuuliza. Amesema hana neno."

Kasyoki alikuwa pale pale jikoni, akiosha vikombe kwa utaratibu wa mtu anayesikiliza. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuja kwa Mbeke kujifunza kushona, akiwa na mimba isiyo na mwenyewe, akalala sebuleni kwa muda wa mwezi mmoja ambao uligeuka kuwa miaka mitatu na zaidi. Bintiye Mukonyo alizaliwa akiwa hapo, akajifunza kutambaa chini ya meza ya kukatia nguo. Musila alipougua figo, Kasyoki ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani Mbeke akiwa dukani.

"Nipeni mwezi mmoja," Mbeke akasema.

Maundu akasema mwezi si kitu, mradi arudi na jibu zuri.

Ugumu wa jambo lenyewe ulikuwa hapa. Mwanamke hawezi kuoa iweto bila kusimama mbele ya wazee na kusema kwa kinywa chake kwamba yeye ni tasa. Na Mbeke hakuwa tasa.

Mwaka 1991, baada ya miaka saba ya ndoa, yeye na Musila walikwenda kupimwa katika hospitali moja ya Nairobi. Siku ya majibu Musila alikuwa na zamu kiwandani, kwa hiyo Mbeke alikwenda peke yake. Daktari akamwambia yeye hana kasoro yoyote. Mume ndiye hatazaa. Mbeke alifunga safari ya kurudi akiwa na maneno hayo, na alipofika nyumbani, akamwona Musila amekaa kwenye kiti chake na viatu vya kazi bado miguuni, akashindwa kuyatoa. Alisema, "Ni mimi." Maneno mawili. Musila alivua kiatu kimoja, kisha cha pili, ndipo akasema kwamba hatamwacha wala hataoa mwingine.

Na hakuoa. Mwala nzima ikamsifu. Mwanamume gani huyo, mwenye moyo namna hiyo, anayekaa na mti usiozaa! Kwenye mazishi yake mchungaji alilirudia jambo hilo mara tatu, na Mbeke, ndani ya kitambaa cheusi, akaitikia amina mara zote tatu. Kusema kweli hakujutia. Alimpenda yule mtu. Lakini uongo wa kumwambia mume chumbani ni kitu kimoja, na kuutangaza mbele ya ukoo baada ya kifo chake, uandikwe kwenye vichwa vya wazee mpaka mwisho wa dunia, ni kitu kingine. Akisema ukweli, atampoteza Kasyoki na mtoto, maana mwanamke asiye tasa haoi iweto, na msichana wa umri ule ataolewa kwingine. Akisema uongo, atakuwa nao, na atakuwa tasa hadi kaburini.

Basi akamwachia Kasyoki duka, mashine na simu ya mkononi, akaenda Kajiado.

Aliuchagua mji huo kwa sababu moja tu: Musila hakuwahi kukanyaga huko. Mbeke mwenyewe alikuwa amefika mara mbili kupeleka sare za kwaya. Alikumbuka upepo, reli, na barabara pana ambayo mtu angeweza kuivuka bila kutazama. Mwanamke mmoja muuza viazi sokoni, Wahu, alikuwa na chumba cha mabati nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mjane kutoka Murang'a, Mama Wachira kwa majirani, mnene, mwenye sauti ya kupigia bei, na watoto wake wote walikuwa Nairobi wakimtumia salamu. Alimfungulia Mbeke mlango, akamwonyesha mahali pa maji, kisha akauliza swali ambalo kila mwanamke huulizwa mahali pageni.

"Na nikuite Mama nani?"

Noonkopir hakuna aliyemuuliza hivyo. Walimwita Fundi. Huko Mwala walimwita mke wa Musila, na wenye midomo walimwita vingine. Sasa mtu asiyemjua alikuwa amesimama mbele yake na ufunguo mkononi, akisubiri jina, bila huruma wala ubaya.

"Mama Mukonyo," Mbeke akasema.

Lilitoka lenyewe. Hata yeye alishtuka. Alitaka kulirudisha, lakini Wahu alikuwa tayari ameshalipokea na kulitumia: "Sawa Mama Mukonyo, choo ni ile ya kushoto."

Wiki ya kwanza alilala. Hakujua kwamba mtu anaweza kuchoka kwa miaka mingi namna ile bila kuanguka. Wiki ya pili usingizi uliisha, na upweke ukaja kuketi naye.

Wanaosifu kukaa peke yao aghalabu wana watu wa kurudia jioni. Mbeke alikuwa na kitanda, stovu, sufuria mbili na Biblia. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukausha midomo, mchana upepo ukileta vumbi jeupe la mawe ya chokaa, na mara moja kwa siku gari moshi la magadi lilipita likivuta mabehewa yake polepole, na mabati ya chumba yakatetemeka. Alizoea kulingoja. Kulikuwa na mama mmoja wa Kimaasai aliyepita na maziwa kwenye kibuyu. "Sopa," angesema, na Mbeke angejibu, "Epa." Kuna siku neno hilo ndilo pekee lililotoka kinywani mwake tangu jua kuchomoza hadi kuzama, nalo halikuwa hata la lugha yake.

Kilichomtesa zaidi ni unga. Mkono wake ulikuwa umezoea kupimia watu wanne, na baada ya Musila watu watatu, na haukutaka kujifunza upya. Kila jioni alisonga ugali wa kulisha nyumba, akala robo, akabaki akiutazama. Kilichobaki alimpa Wahu kwa ajili ya kuku.

Mchana alifanya mazoezi. Alisimama katikati ya chumba, akaikabili kalenda ukutani kana kwamba ndiyo Maundu, akasema: "Wazee, si mimi. Ilikuwa ni yeye." Alisema kwa sauti ya chini, kisha ya juu. Alisema akiwa amekaa na akiwa amesimama. Alidhani akiusema ukweli utamfungua kifua. Lakini kalenda haikusema kitu, ukweli ukarudi ukakaa pale pale ulipokuwa, na yeye akavaa sweta na kwenda kusikiliza kama gari moshi linakuja.

Jioni Wahu alikuja kuota moto wa stovu na kuzungumza. Alitaka habari za Mukonyo. Ana miaka mingapi? Mitatu. Heh, umri huo, na wewe ulizaa ukiwa mkubwa namna hiyo, Mungu ni mwema! Amebaki na nani? Na shangazi yake. Anakula vizuri? Anapenda nini? Na hapo Mbeke hakulazimika kudanganya. Anapenda vifungo. Huvipanga kwa rangi chini ya meza ya kukatia, na akinyang'anywa kimoja halii, hukufuata nyuma siku nzima akikutazama mkono. Wahu alicheka hadi akashika mbavu. Mbeke alicheka naye, na Wahu alipoondoka alilia, kwa sababu alikuwa amemsifu mtoto kama akina mama wanavyosifu watoto wao, na ilikuwa tamu mno.

Siku ya ishirini na sita Wahu alirudi kutoka sokoni na viatu. Vilikuwa vya mtumba, vyekundu, vya kamba, vidogo kama mandazi.

"Vya Mukonyo," akasema. "Si lazima unishukuru. Mtoto ameachwa na mama mwezi mzima, lazima apelekewe kitu."

Mbeke alivishika, akavigeuza, na hakuweza tena.

"Mama Wachira, mimi sina mtoto," alisema.

Akamweleza yote, kuanzia Kasyoki na Maundu hadi kwa daktari wa mwaka 1991. Ilikuwa mara ya kwanza maisha yake yote kumwambia binadamu mwenye masikio. Alitarajia kushikwa mkono. Wahu alisogeza kiti chake nyuma.

"Yaani umenikalisha hapa kila jioni nikicheka na mtoto wa wenyewe?"

"Nisamehe."

"Na hiyo ingine ndiyo mbaya zaidi. Bwana hazai, sawa. Kwani ulikosa akili? Wanawake wangapi wamezaa na hakuna mtu ameuliza? Hata yeye angenyamaza, angefurahi."

"Nilimpenda. Na niliogopa Mungu."

"Sasa yeye amelala vizuri," Wahu akasema akiinuka, "na Mungu hajambo. Ni wewe uko hapa unapikia kuku zangu ugali."

Akaenda, na siku tatu hakurudi kuota moto.

Siku hizo tatu ndizo Mbeke aliziita baadaye mwezi wake. Zile nyingine alikuwa mgeni tu. Sasa ukweli ulikuwa umeshasemwa, tena mbele ya mtu, na malipo yake yalikuwa ukimya. Wahu alipita uani bila kugeuza shingo. Mama wa maziwa hakupita, labda ng'ombe walihamishwa. Hakuna aliyemwita jina lolote, si Fundi, si Mama, si mke wa nani. Aliketi kitandani na viatu vyekundu mapajani na akayaona mambo yake waziwazi, bila kujipendelea. Aliona kwamba angeweza kwenda Noonkopir na kusafisha jina lake, nalo lingebaki safi, likining'inia ndani ya nyumba isiyo na mtu wa kuliita. Hakutaka hilo. Alitaka yule mtoto wa vifungo. Alitaka kusikia Kasyoki akimwuliza kama chumvi imetosha. Aliona aibu kulitaka jambo hilo kuliko haki yake, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi ya kuondoka, Wahu alitoka akiwa amefunga leso ya sokoni. Alivitazama viatu vilivyochomoza kwenye kikapu.

"Umevichukua. Vizuri," akasema. Akambebea begi hadi langoni, akiwa bado amekunja uso. "Haya, safari njema, Mama Mukonyo."

Maundu alifika Noonkopir Jumamosi iliyofuata na wazee wale wale wawili. Mbuzi watatu wa ntheo, ambao wasipofika kwa wazazi wa msichana hakuna ndoa, walikuwa wameshanunuliwa na kufungwa kwa jirani. Maundu hakuwa mtu wa kungoja jibu kabla ya kulitayarishia karamu. Mbeke aliketi kwenye kiti cha Musila, kwa sababu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akioa. Kasyoki alikuwa akigawa chai. Mukonyo alikuwa chini ya meza.

"Tumesikia umekubali," Maundu alisema. "Lakini hii kitu lazima wazee wasikie kutoka kwa mdomo yako. Unaoa kwa sababu gani?"

Mbeke alimtazama. Sentensi aliyoifanyia mazoezi mbele ya kalenda ilikuwa pale pale kwenye ulimi, imepigwa pasi. Aliimeza.

"Mungu hakunipa uzazi," akasema. "Bwana yangu alinivumilia. Nataka jina lake lisipotee."

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja alisema Musila alikuwa mtu wa ajabu. Kasyoki aliweka sinia chini, chai bado haijafika kwa wote, akatoka nje kwa mlango wa nyuma. Maundu akacheka, akasema bibi harusi ameona haya, na hiyo ni dalili nzuri.

Mbeke alimkuta nyuma ya nyumba, ameinamia karai la vyombo ambavyo vilikuwa safi. Alikuwa akilia kwa hasira.

"Kwa nini umesema hivyo, mwaitu?" Alimwita mama kwa Kikamba, kama siku zote.

"Ndivyo inavyosemwa."

"Lakini si wewe! Unajua si wewe. Ulienda mwezi mzima, mimi nikajua unarudi kuwaambia."

Mbeke akamgeuza amtazame. "Nani amekwambia?"

"Mzee wako." Kasyoki alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ile wiki ya mwisho, ulikuwa umeenda kuchukua dawa. Alisema baada ya wewe kumwambia ni wewe, hakuamini vile ulisema. Mwaka uliofuata akarudi kwa hiyo hospitali pekee yake, daktari akamfungulia faili. Alijua, mwaitu. Alijua siku zote. Aliniapisha nisiseme. Akasema, 'Alinibeba, na mimi nikakubali kubebwa.' Halafu akalia mpaka nikaogopa."

Ndani, wazee walikuwa wakicheka jambo fulani. Mbuzi mmoja alilia kwa jirani.

Mbeke alitafuta mahali pa kuketi akapata ndoo, akaipindua. Miaka kumi na mitatu. Alikuwa akitembea kwa vidole ndani ya nyumba yake ili asimwamshe mtu aliyekuwa macho. Alikumbuka kila sherehe ya mtoto wa jirani ambapo Musila alimshika bega mbele za watu, kwa upole, na watu wakamwona mwema. Alishikwa na hasira ambayo hakuwahi kumkasirikia nayo akiwa hai. Kama angekuwa hai, wallahi angemtupia karai. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho alikifahamu mara moja, kwa kuwa alikuwa ametoka kukaa nacho chumba kimoja. Ulikuwa upweke, na haukuanzia Kajiado. Upweke ule ulikuwa umelala naye kitanda kimoja Noonkopir miaka yote hiyo, yeye akiufunika blanketi na kuuliza kama unasikia baridi.

"Na wewe," alisema hatimaye, "ulikubali vipi kuolewa kwa jina lake, ukijua haya yote?"

Kasyoki alimtazama kana kwamba swali ni la kipumbavu.

"Jina ni mambo ya Maundu. Mimi nilikubali kukaa na wewe."

Mukonyo alitokea mlangoni na viatu vyekundu, kushoto kulia na kulia kushoto, ngumi imefunga kitu. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye ndoo, akafungua mkono juu ya goti la Mbeke. Kilikuwa kifungo cha shati la mwanamume, cheupe. Pengine cha Musila, pengine cha mteja.

Maundu aliita kutoka ndani kwamba wazee wanangoja chai.

"Wangoje," Mbeke akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani. Akamsogezea Kasyoki jiwe la kufulia kwa mguu. "Keti hapa. Niambie tena tangu mwanzo, vile alisema yeye mwenyewe. Na usiruke kitu."